Njomba, Picha Hii si Tuliiona Mwezi Jana?

Hivi msomaji wangu, imeshakutokea hii? Umetoa jero yako kwa raha zako, umejibana kwenye benchi la kibanda umiza, joto la Chuno linakupika kama muhogo, picha ndiyo kwanza inaanza. Hata majina ya waigizaji hayajaisha, jamaa wa pembeni anakwambia, "Huyo demu atapewa mimba, atafukuzwa kwao, halafu yule tajiri atakuja kugundulika kuwa ndiye baba yake." Unamuuliza, "Njomba, kumbe ulishaiona?" Anakujibu, "Wala! Ndiyo naiona leo."

Na kweli bwana. Kufika katikati, demu ana mimba. Muda si mrefu yuko barabarani na kibegi chake. Mwisho wa picha tajiri kapiga magoti analia, "Mwanangu nisamehe!"

Jamaa wala si mganga. Ameshacheki picha nyingi tu, na zote ni moja.

Mimi ni mtu wa picha tangu navaa kaptula. Kidato cha nne nimemaliza, cheti kiko kabatini kwa mama, lakini shule niliyosoma kwa moyo wote ni ya kibandani. Nimezimaliza za Kichina, za Kihindi, za Kinigeria, za Kikorea, na sasa hizi tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili ambazo zinamfanya bibi yangu aunguze mboga kila Jumatatu. Basi wiki hii nikajipa kibarua: kutafuta picha ya Kiswahili ambayo haijanyofolewa kwa mtu. Picha ambayo jamaa wa benchini hawezi kuitabiri.

Usicheke. Kazi hii ni ngumu kuliko kutafuta chenji kwa konda.

KUIGA HAKUKUANZIA KINONDONI

Tusianze kwa kuwasakama Bongo Muvi peke yao, kana kwamba wizi wa stori ulizaliwa Bongo. Wapi! Mwaka 1954 Mjapani mmoja, Akira Kurosawa, alitoa picha inaitwa Seven Samurai. Wanakijiji wamechoka kuporwa mavuno na majambazi, wanakodi mashujaa saba wawalinde. Mwaka 1960 Wamarekani wakaichukua stori hiyo hiyo, wakawavua mashujaa mapanga, wakawapa bastola na farasi, ikawa The Magnificent Seven. Mwaka 1975 Wahindi nao wakaja na Sholay: kijiji kilekile cha shida, jambazi anaitwa Gabbar Singh, na wababe wa kukodi, ila safari hii wawili tu, Amitabh Bachchan na Dharmendra. Jaribu kumwambia mzee wa pwani hii aliyeipenda Sholay ujanani kwamba picha yake ina damu ya Kijapani. Utatafuta njia ya kutokea.

Kurosawa huyohuyo alitoa Yojimbo mwaka 1961. Mwaka 1964 Mtaliano Sergio Leone akaibuka na A Fistful of Dollars, ile iliyompa jina Clint Eastwood, na mifupa yake ikawa ya Yojimbo tupu. Kampuni ya Toho ya Japani ikaenda kushitaki. Yakaisha kwa maelewano, Kurosawa akapewa asilimia 15 ya mapato. Wenzetu wakiiga wanalipana.

Na si mambo ya kale tu. Drishyam ilitoka mwaka 2013 kusini mwa India kwa lugha ya Kimalayalam: baba wa watu, mtu wa kawaida kabisa, anaficha maiti ili kuiokoa familia yake na polisi. Kufika 2015 imesharudiwa kwa Kitamil na kwa Kihindi. Mwaka 2019 Wachina nao wakaitoa ya kwao, Sheep Without a Shepherd. Maiti moja, nchi mbili zinakula.

Halafu kuna hili linaloniuma. The Lion King ya mwaka 1994 si stori ngeni. Mfalme kauawa na ndugu yake, mtoto wa mfalme karudi kudai chake, hiyo ni Hamlet ya Shakespeare imevishwa manyoya. Mwaka 2019 wakaitoa tena, ileile, ila simba sasa wametengenezwa kwa kompyuta. Lakini majina je? Simba, Rafiki, Pumbaa. Hayo si ya Shakespeare, ni yetu. Na "hakuna matata" kampuni ya Disney ikaenda kuisajili Marekani kama alama yake ya biashara kwa ajili ya fulana, usajili ukapita mwaka 2003. Wao wakichukua neno la Kiswahili wanaliwekea kufuli. Sisi tukichukua stori nzima ya Kizungu hatubakiwi hata na ya kula.

SISI NASI TULIANZA ZAMANI

Nikachimba ya kwetu. Mwaka 1952, kabla ya Uhuru, ilitoka picha ya Kiswahili inaitwa Muhogo Mchungu. Steringi wake unamjua? Rashidi Kawawa! Ndiyo, huyohuyo mzee wetu wa Ruvuma aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Stori yenyewe ni ya mtu wa shamba anayekuja Dar na kuingizwa mjini. Hebu niambie, mshamba kuingizwa mjini umeiona mara ngapi tangu hapo? Mimi niliacha kuhesabu nikiwa darasa la sita.

Titanic ilipotikisa dunia mwaka 1997, huku kwetu mchoraji Joshua Amandus Mtani aliigeuza katuni ya Kiswahili, Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Halafu mikanda ya Kinigeria ikafurika. Mwaka 2006 Steven Kanumba akapanda ndege kabisa kuwafuata, ikatoka Dar 2 Lagos, akicheza na Mercy Johnson. Mwaka 2011 Ramsey Nouah akaonekana naye kwenye Devil Kingdom. Kanumba simsemi vibaya. Alikuwa anajua kazi yake, na alipofariki Aprili 7, 2012, watu walivyofurika Leaders hakuna aliyewakodi. Lakini nyuma yake yakaja makundi ya watu waliochukua kava na kuacha kipaji: jumba la kuazima, gari la kuazima, jina la Kiingereza, sehemu ya kwanza na ya pili, na mama mkwe mwenye roho mbaya.

Kwa nini? Nimewauliza vijana wawili watatu waliowahi kubeba kamera Dar, jibu lao ni moja. Enzi za DVD wengi waliuza haki zote kwa msambazaji kwa mkupuo mmoja, basi. Picha ikiuza sana, faida si yako. Ikianguka, hasara si yako. Sasa nani atahangaika mwaka mzima kutunga? Unachukua stori ambayo imeshauza kwa wenzako, unarekodi kwa siku chache, unapokea chako, unaondoka. Na sheria haikubani sana, maana sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi yenyewe, hailindi wazo. Mwaka 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kulalamikia picha za nje zinazodurufiwa na kuuzwa bei chee. Walikuwa na haki. Ila mimi nilijiuliza, kama ya kwako inafanana na ya nje, na ya nje ni bei ya karanga, mteja atakufuata kwa lipi?

Hapo hapo nataka kuwatetea watu fulani. Wale matafsiri wa vibandani! Mkongwe Derek Mukandala, yaani Lufufu, na wote waliofuata nyayo zake. Hao wanachukua picha ya mtu bila hodi, wanapiga domo juu yake, lakini wanachokupa hukipati kwingine. Nakumbuka picha moja ya makomandoo wa Kimarekani, wamezingirwa msituni, tafsiri akampa steringi maneno haya: "Njomba, hapa tukitoka salama mimi nakwenda zangu Ndanda kulima mpunga!" Kibanda kizima chali. Mwenye picha angeisikia asingeelewa kilichotuchekesha, na wala haikuwa yake tena, ilikuwa ya kwetu.

KIPIMO CHA KUHAMISHA

Ndipo nikarudi kwa mwenye kibanda chetu, mzee mtaratibu, nikamshikia shikamoo, nikamweleza kazi yangu. Akasema, "Mwanangu, usiulize picha imetoka wapi. Utachoka bure. Uliza kama inahamishika."

Nikalala na neno hilo. Kumekucha nikaanza kulitumia.

Chukua picha ya yule demu wa mimba na kibegi. Ihamishie Lagos: inakwenda bila shida. Ihamishie Mumbai: ongeza nyimbo sita. Ihamishie Seoul: ongeza mwavuli na theluji. Inahamishika kama kitanda cha kamba, unabeba kichwani unakwenda nacho. Picha ya namna hiyo haina kwao, hata kama aliyeiandika anaapa kwa msahafu kwamba kaitunga mwenyewe.

Sasa chukua Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto, Kanada, mwaka 2021. Utasema, "Aa, hiyo si ya kutunga, imetolewa kwenye kitabu cha Adam Shafi." Sawa, kitabu kimetoka mwaka 1999, hakuna anayekataa. Lakini hebu ihamishe uone! Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozeshwa kwa nguvu, anatoroka. Anakutana na Denge, kijana anayepambana na Mwingereza, Unguja ya miaka ya 1950. Ukiwatoa kwenye vichochoro vile, ukawanyang'anya Kiswahili chao na siasa ya wakati ule, hubakiwi na kitu mkononi. Picha imetoka kitabuni na bado ni ya asili kuliko mia nilizoapiwa kuwa ni za asili. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kugombea Oscar, na ilikuwa mara ya pili tu nchi hii kupeleka picha. Ya kwanza ilikuwa Maangamizi, mwaka 2001, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill.

Hiyo Maangamizi nayo haibebeki. Amandina Lihamba ni mgonjwa hospitali ya vichaa, miaka ishirini hajafungua mdomo, daktari mwanamke mweusi anakuja kutoka Marekani kumtibu, na bibi wa mababu yuko katikati yao. Jamaa wa benchini angetabiri nini hapo? Angenyamaza kama mgonjwa mwenyewe.

Rudi nyuma zaidi, mwaka 1985, Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na huyohuyo Mulvihill. Mke anaumwa, hospitali imeshindwa, mume anataka kumpeleka kwa mganga, mke anaogopa waganga kuliko ugonjwa. Haizidi saa moja. Hakuna jumba, hakuna gari, hakuna mama mkwe. Na hiyo hofu ya Mariamu naijua, nimeiona kwa shangazi zangu.

Kuna na T-Junction, ya Shivji tena, iliyofungua tamasha la ZIFF kule Zanzibar mwaka 2017. Fatima, baba Mhindi, mama Mswahili, baba kafa na mtoto machozi hayamtoki. Hospitali anakutana na Maria, na Maria anamsimulia vipande vipande habari za watu wa njiapanda wanaohangaika na biashara ndogondogo. Ninyi mnaouza sokoni hapa Chuno mtajiona humo bila kuambiwa.

Nikasema basi, zipo. Ni chache, lakini zipo.

MMAKONDE GETINI

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Katika hizo picha za kuhamishika, sisi watu wa Mtwara tunakaa wapi? Getini! Mlinzi akiwa Mmakonde, kazi yake ni kufungua geti, kuchapia Kiswahili, na watu wacheke. Anaongea lafudhi ambayo mimi niliyezaliwa na kukulia huku sijawahi kuisikia kwa binadamu yeyote. Huyo mlinzi naye ni kopi: mmoja alimchekesha mtu zamani, wengine wote wakamnakili. Ndugu zetu walioenda kulinda majumba ya Dar walikwenda kwa shida zao, wana stori zao, hakuna aliyewauliza.

Binamu yangu yupo hapahapa Chuno. Dogo ana miaka 23, mchana yuko na bodaboda, usiku anaandika kwenye daftari la kaunta. Ameandika picha ya mvuvi wa Msimbati na mama yake, mwaka 2013, wakati wa vurugu za bomba la gesi. Mama anataka mwanawe akae ndani, mwana anataka kujua gesi iliyo chini ya nyavu zake inakwenda kuwasha taa za nani. Hakuna risasi za kishujaa wala hakuna tajiri. Kuna sehemu mama anasonga ugali huku anasikiliza mabomu ya machozi kwa mbali, hasemi neno, anaongeza unga tu. Niliposoma hapo niliweka daftari chini.

Akaipeleka Dar kwa mtengenezaji mmoja, jina naliacha. Jamaa akaisoma, au labda alifunua funua, akamwambia, "Dogo unajua kuandika. Ila mvuvi mfanye mtoto wa tajiri aliyepotea. Weka penzi. Kuna ile ya Kikorea, itafute, ifanye kama ile. Na huyo mama mpe lafudhi ya Kimakonde watu wacheke."

Watu wacheke! Mama anasonga ugali na mabomu yanalia, watu wacheke!

Binamu alirudi na basi la usiku. Nilimpokea stendi, hakunisimulia mpaka tumefika nyumbani. Pesa aliyoahidiwa si ndogo kwa mtu mwenye pikipiki ya mkataba, na mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni, hamjui Mkorea wala mvuvi. Kwa hiyo usidhani ni suala la mapenzi ya sanaa tu. Dogo akiibadilisha anakula. Asipoibadilisha daftari linaliwa na panya.

Nilimsimulia habari ya mchongaji Mmakonde anaitwa Samaki Likankoa. Miaka ya 1950 wachongaji wengi walikuwa wanachonga vinyago vya kuwapendeza Wazungu, vinafanana kama mayai. Samaki akachonga kiumbe cha ajabu, kimejipinda, hakieleweki ni mtu au jini. Mfanyabiashara wa Dar, Mohamed Peera, akakikubali, na ndiyo mwanzo wa mtindo wa shetani unaouzwa kila duka la vinyago leo. Binamu akanisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Na hao walioiga mtindo wake, si ndio waliojenga?" Sikuwa na jibu la haraka.

HAZINA IMELALA

Lakini jamani, stori zenyewe ziko mlangoni kwetu. Pale Msimbati aliishi Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore. Mwaka 1959 alitangaza kwamba Msimbati ni nchi huru, na yeye ndiye mtawala wake, akawa na bendera yake kabisa! Baada ya Uhuru serikali ikamwondoa. Hiyo hata Hollywood hawana. Fikiria upande wa wavuvi wanaoamka asubuhi na kuambiwa wana sultani mpya, mzee wa Kizungu mwenye kaptula.

Unataka ya kutisha? Acha majini ya Lagos. Kuna midimu, wale wacheza ngoma wenye vinyago ambao watoto wa Kimakonde waliambiwa ni wafu wamerudi. Unataka ya mapenzi? Wazee wanasimulia kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha, ikawa mtu, ikawa mkewe. Mwandishi gani wa Kikorea anaijua hiyo?

Kwa anayetaka kuzitafuta hizi picha nilizozitaja, usikae ukisubiri zikufuate kibandani. Huku mtu wa kujaza flashi anakujazia kinachoulizwa, na hakuna anayeuliza. Muulize. Muulize tena wiki ijayo. Mwenye nauli aende ZIFF, tamasha limekuwa likifanyika Zanzibar tangu mwaka 1998. Mimi nimemwomba mzee wa kibanda atupe usiku mmoja kwa mwezi wa picha zisizohamishika. Amesema nikimletea watu ishirini wa kulipa, anazima mpira. Hadi naandika hapa nimepata kumi na mmoja, na wawili kati yao ni shangazi zangu wanaotaka kumwona Mariamu.

Binamu daftari lake bado liko vilevile, mvuvi bado ni mvuvi. Mtengenezaji kampigia simu mara mbili, hajapokea, wala namba hajaifuta.

Na wewe msomaji mwenye mkanda, sidii au faili la Muhogo Mchungu, hata kama limekwaruzika, nitafute Chuno. Soda nalipa mimi.